Sungura wa Carlsson na namba yangu ya kijinga

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, na wawili watatu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilipata kibarua, na kibarua chenyewe ndicho kilichonirudisha hapa leo nikiwa na hasira. Hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Chuo kikuu kimoja hapa nchini, ambacho sitakitaja, kilitaka programu ndogo ya wavuti. Uipe majina ya wahadhiri wote, iende Google Scholar, ichote idadi ya makala za kila mmoja, idadi ya mara ambazo makala hizo zimetajwa na watafiti wengine, na kitu kinachoitwa kipimo h. Halafu iwapange wote kwenye jedwali moja: walio juu rangi ya kijani, walio chini nyekundu. Jedwali hilo lipelekwe kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Niliambiwa mambo yatakuwa "ya kisayansi" sasa, hakuna tena maneno ya huyu ni mtu wa fulani.

Kwa msiojua, kipimo h kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 10, h yako ni 10. Ukiwa na 30 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 30, h yako ni 30. Ni hivyo tu. Kwa Python ni mistari mitano: panga hesabu kuanzia kubwa kwenda ndogo, shuka nazo moja moja, simama pale ambapo hesabu imekuwa ndogo kuliko nafasi yake. Nakumbuka niliimaliza kabla chai haijapoa nikajiona fundi kweli kweli. Kilichonisumbua zaidi ni Google Scholar yenyewe, ambayo haina mlango rasmi wa kuchotea data, kwa hiyo unakwangua kurasa zake kama mtu anayekwangua ukoko, na ukikwangua haraka inakufungia.

Siku mbili baada ya jedwali kuwekwa mahali ambapo wahadhiri wanaweza kuliona, mzee mmoja alikuja kwenye chumba walichonipa. Yeye hufundisha famakolojia, yaani elimu ya dawa na jinsi zinavyofanya kazi mwilini. Alikuwa karibu na mkia kabisa, na h ya 4. Nyekundu iliyoiva.

"Kijana, wewe ndiye umetengeneza hicho kitu?"

"Ndiyo, daktari."

"Umesoma makala yangu hata moja?"

"La, daktari. Programu haisomi. Inahesabu tu."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Basi nenda ukatafute habari za Arvid Carlsson, halafu urudi uniambie programu yako ingempaka rangi gani." Akaenda zake darasani.

Mimi nilisomea sayansi ya tarakilishi. Kuhusu ubongo najua kwamba ninao. Lakini jina hilo nilipolitafuta nilikesha, na sababu ni kwamba lilinigusa nyumbani. Babu yangu ana ugonjwa wa Parkinson. Asubuhi, kabla ya kumeza tembe zake, hawezi kufunga vifungo vya shati. Mkono unatetemeka, mguu unakwama kana kwamba umegandishwa sakafuni. Akimeza tembe, baada ya muda unamwona anarudi, kidogo kidogo, mpaka anafunga vifungo mwenyewe na kutukaripia kwa nini redio imezimwa. Tembe hizo zina levodopa. Nimekuwa nikizinunua mimi kwa muda sasa, na sikuwahi kujiuliza zilitoka wapi.

Carlsson alikuwa Mswidi, amezaliwa Uppsala mwaka 1923, akafariki mwaka 2018. Mwanzoni alikuwa akichunguza jinsi mwili unavyotumia madini ya kalsiamu, kazi nzuri tu. Aliomba nafasi ya kazi katika Chuo Kikuu cha Lund. Kamati ikamwangalia, ikaona kwamba mambo ya kalsiamu hayako katikati ya famakolojia. Hakupewa. Akabadilisha njia, na mwaka 1955 akaenda Marekani kwa miezi michache katika maabara ya Bernard Brodie, ambako walikuwa wakichunguza dawa iitwayo reserpini. Hiyo hutolewa kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya Rauvolfia. Mwanzo ule wa India, na baadaye mizizi ya ndugu yake wa Kiafrika ilisafirishwa kutoka Kongo kwa ajili hiyohiyo. Ilitumika kushusha shinikizo la damu na kutuliza wagonjwa wa akili.

Sasa sikiliza hii. Ukimpa sungura reserpini, anakaa tu. Masikio yanalegea, haendi popote, hana habari na dunia. Wakati huo wengi waliamini kwamba dopamini haina kazi yake yenyewe mwilini, kwamba ni kituo tu njiani wakati mwili unatengeneza noradrenalini. Carlsson na wenzake, Margit Lindqvist na Tor Magnusson, wakawachukua sungura hao waliolegea wakawachoma sindano ya DOPA, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Muda si mrefu sungura wakaamka, wakaanza kutembea. Mwaka 1957 waliandika barua ya ukurasa mmoja katika jarida la Nature. Ukurasa mmoja! Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba kilichopotea ubongoni na kurudi kilikuwa ni dopamini yenyewe. Wenzao wa hapohapo Lund wakaonyesha kwamba dopamini hiyo imelundikana katika sehemu ya ubongo inayohusika na mwendo wa mwili, na Carlsson akaunganisha vipande: huenda Parkinson ni ukosefu wa dopamini.

Mwaka 1960 akapeleka mawazo yake kwenye mkutano London. Wakubwa wa fani walikuwepo, akiwemo Henry Dale, ambaye alikuwa ameshapata Nobel tangu 1936. Hawakumkubali. Kwao, kwamba seli za ubongo zinaongea kwa kemikali za namna hiyo lilikuwa jambo lisilo na msingi, na DOPA ilionekana zaidi kama sumu. Alirudi Uswidi mikono mitupu.

Hebu sasa tumuweke Carlsson wa mwaka 1960 kwenye jedwali langu. Mchango wake mkubwa kuliko yote ni makala fupi mbili tatu. Ziwe zimetajwa mara ngapi kufikia hapo haijalishi: makala tatu haziwezi kukupa zaidi ya h ya 3. Hata zingetajwa mara elfu tano kila moja, bado ni 3. Wakati huohuo mtu mwenye makala 20 za kawaida, kila moja ikitajwa mara 20 na marafiki zake, anapata 20 na rangi ya kijani. Si hitilafu ya programu yangu. Nimeipima, inafanya kazi sawasawa. Ndivyo kipimo kilivyoundwa: kinapenda wingi wa wastani, kilele hakikioni. Na hakishuki kamwe, kwa hiyo kinampenda mzee kuliko kijana, na aliyeandika bila kupumzika kuliko mama aliyekaa nyumbani miaka miwili na mtoto.

Najua mtakachosema. Carlsson alikuja kuandika mamia ya makala, akapata Nobel mwaka 2000, h yake leo ni kubwa. Ni kweli. Lakini kamati ya vyeo haikai mwaka 2000. Inakaa Jumatatu ijayo. Kipimo kinachokuja kukubaliana na ukweli baada ya miaka arobaini kina faida gani kwa anayetakiwa kuajiriwa leo?

Tena hata hiyo h ya mwisho haisemi ukweli wake. Chukua neno dopamini. Leo vijana wanaliweka kwenye TikTok, ati "dopamini yangu imeshuka". Maelfu ya makala za sayansi huandikwa kila mwaka zenye neno hilo kwenye kichwa. Ni ngapi zinataja ile barua ya ukurasa mmoja? Chache sana, kwa sababu jambo likishakuwa ukweli wa kila mtu hakuna anayemtaja aliyelisema kwanza. Sisi watengenezaji wa programu tunalijua hili. Kuna vipande vya msimbo vilivyoandikwa na mtu mmoja miaka ya tisini ambavyo viko ndani ya kila rununu mfukoni mwako, na hakuna anayemtaja. Kadiri kazi inavyozama chini kabisa ya msingi ndivyo inavyopotea machoni pa mhesabu. Na ile kazi ya 1963, ambapo Carlsson na Lindqvist walionyesha kwamba dawa za wagonjwa wa akili huenda zinaziba milango inayopokea dopamini, haikutoka Nature wala Science. Ilitoka kwenye jarida la famakolojia la huko Skandinavia. Wazo lililotawala uelewa wa skizofrenia kwa miongo kadhaa lilianzia hapo.

Twende Vienna kidogo, maana huko ndiko tembe za babu zinakoonekana. Oleh Hornykiewicz alichukua bongo za watu waliokufa, wakiwemo waliokuwa na Parkinson, akapima dopamini. Wagonjwa walikuwa hawana, au wana kidogo mno, mahali palepale ilipotakiwa kuwa. Yeye na Herbert Ehringer walichapisha mwaka 1960. Kwa Kijerumani. Mwaka 1961 yeye na tabibu Walther Birkmayer wakaeleza jinsi wagonjwa waliochomwa levodopa walivyoweza kuinuka na kutembea. Mwaka 1967 George Cotzias huko New York akaonyesha kwamba ukimpa mgonjwa dozi kubwa kwa mdomo, ukianza kidogo na kuongeza polepole, anapata nafuu ya kudumu. Hivyo ndivyo ilivyotoka kwa sungura hadi kwenye kisahani cha babu yangu.

Nobel ya mwaka 2000 ilikwenda kwa Carlsson, Paul Greengard na Eric Kandel. Hornykiewicz hakuwemo. Wanasayansi zaidi ya 200 waliandika barua ya wazi kulalamika. Na Kathleen Montagu je, aliyetangaza kuonekana kwa dopamini katika ubongo mwaka huohuo wa 1957, miezi michache kabla ya barua ya sungura, naye katika Nature hiyohiyo? Mimi sikuwa nimewahi kulisikia jina lake. Wewe umewahi?

Lile la Kijerumani lilinichoma kwa sababu nyingine. Kwenye jedwali langu kuna mhadhiri wa Kiswahili. Ameandika vitabu, ana makala katika majarida ya hapa Afrika Mashariki, nyingi zikiwa kwenye karatasi. Programu yangu ilimpa h ya 2. Mashine haikuwa imeviona. Mtu anaandika kwa lugha hii tunayosoma sasa hivi, na adhabu yake ni kupakwa nyekundu na mimi, ninayejifanya mpenzi wa Kiswahili hapa kila siku.

Lakini tusifanye mchezo. Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito, na mkuu wa ofisi iliyoniajiri aliisema vizuri kuliko ninavyoweza. Alisema: "Wewe ni mgeni hapa. Hujui kamati hizi. Ukiondoa namba, watapanda vyeo watu wa nyumbani kwa mwenyekiti." Hilo siwezi kulicheka. Sote tunajua nchi yetu. Sote tumeona barua ya kazi ikisubiri jina la ukoo. Namba haina kabila, haina shemeji, haili chai ofisini kwa mtu. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2014 wenye alama za machapisho, nadhani ilikuwa ikipigana na ugonjwa huohuo, na silaumu.

Tena msomaji mjanja ameshaniona. Carlsson wa Lund alikosewa na nani? Na kamati ya watu. Carlsson wa 1960 alikataliwa na nani? Na wazee wenye macho na akili, waliosoma kazi yake. Hakuna mashine iliyomtendea vile. Kwa hiyo kelele zangu za nini?

Nililala nalo hilo siku mbili, na jibu langu ni hili. Wazee wa London walimpa sababu. Walikosea, ila walikosea kwa maneno. Walisema DOPA ni sumu. Basi unaweza kurudi maabara, ukapima, ukaonyesha kwamba si sumu. Walisema ubongo hauzungumzi kwa kemikali hizo. Basi unaweza kuonyesha kwamba unazungumza. Na ndicho kilichotokea, miaka si mingi wote walikuwa wamegeuka. Hata ile kamati ya Lund ilimwambia kwa nini haikumchukua, naye akaondoka na sababu hiyo akaenda kutafuta kitu kingine. Sasa daktari wangu wa famakolojia anaambiwa "nne". Nne unaijibu kwa nini? Unapeleka ushahidi gani mbele ya nne? Jedwali halina mtu wa kukata rufaa kwake. Ukimuuliza mwenyekiti anasema mfumo ndio uliosema, ukiuliza mfumo unanikuta mimi na chai yangu, na mimi sijui famakolojia.

Na ile imani kwamba namba haihongeki ni ya mtu ambaye hajawahi kuzitengeneza. Mwaka 2010, Mfaransa mmoja mtaalamu wa tarakilishi, Cyril Labbé, alibuni mtafiti asiyekuwepo, akamwita Ike Antkare. Alitumia programu iitwayo SCIgen, iliyoundwa na wanafunzi wa MIT, inayotunga makala za kisayansi zisizo na maana yoyote, akazifanya zitajane zenyewe kwa zenyewe. Google Scholar ikampa mtu huyo hewa h ya 94. Einstein aliachwa nyuma. Unaweza kusema hiyo ni zamani, wameshaziba. Haya, mwaka 2024 Reese Richardson na Nick Wise walimchukua paka, naam, paka, anaitwa Larry, wakamwekea makala 12 za uongo na makala nyingine za kuzitaja. Baada ya muda mfupi Larry alikuwa ametajwa mara 132 na ana h ya 11. Google waliondoa baadaye habari zilipoenea, lakini nataka mfikirie: kwenye jedwali nililolijenga, paka yule angekuwa juu ya daktari wa famakolojia na juu ya mwalimu wa Kiswahili. Angepakwa kijani. Kwa bahati mbaya si paka pekee. Kuna watu wanaouza nafasi ya jina kwenye makala, kuna majarida yanayochapisha chochote ukilipa ada, na kuna vikundi vya marafiki wanaotajana kama watu wa chama cha mzunguko, leo wewe kesho mimi. Anayeweza kumhonga mwenyekiti anaweza kununua h. Tofauti ni kwamba hongo ya mwenyekiti ina mashahidi.

Halafu kutajwa si kusifiwa. Kulikuwa na makala ya mwaka 2006 katika Nature kuhusu Alzheimer, iliyodai kwamba kuna aina fulani ya protini inayowapotezea panya kumbukumbu. Ilitajwa zaidi ya mara 2,000. Watu wakajenga juu yake. Mwaka 2024 iliondolewa rasmi kwa sababu picha zake zilichezewa. Kabla ya hapo ingempa kila aliyeandika jina pale rangi nzuri sana kwangu. Programu ilihesabu mara 2,000 vizuri kabisa, haikukosea hata moja.

Nisifanye Carlsson kuwa malaika pia. Dawa ya zimelidini, ambayo alishiriki kuibuni na ambayo ilikuwa ya kwanza ya kundi lake la dawa za sonona kuuzwa, iliondolewa sokoni mwaka 1983 baada ya kuhusishwa na madhara ya neva. Nyingine za kundi hilo zikaja baadaye na kumezwa na mamilioni. Sasa utaihesabu vipi, ushindi au hasara? Na alikuwa mpinzani mkubwa wa kutia floridi kwenye maji ya kunywa Uswidi, jambo ambalo wenzake wengi hawakukubaliana naye. Watu wa Nakuru na Naivasha, ambao floridi ya asili imewapaka meno rangi ya kahawia, wanaweza kumsikiliza kwa hamu. Ila hali yao ya floridi kuzidi ardhini ni tofauti na ile ya kuongeza kidogo bombani. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu mwenye heshima kubwa kuhusu dopamini anahitaji kusomwa upya akizungumza kuhusu meno. Namba yake ya kwanza haimbebi hadi huko. (Na kwa kuwa kuna mtu atauliza: ndiyo, mbegu za upupu, huu wetu wa kuwasha, zina levodopa ndani yake. Hapana, usimpe babu yako. Dozi haipimwi kwa kiganja.)

Hirsch mwenyewe, mwenye kipimo chake, aliandika mwaka 2020 kwamba kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia. Tangu tamko la San Francisco la mwaka 2012 kuna taasisi nyingi duniani zilizoahidi kutotumia vipimo vya majarida kama mbadala wa kupima kazi yenyewe. Sisi, kama kawaida yetu, tunanunua gari wakati mwenye gari analitangaza bovu.

Na kuna aibu za kifundi ambazo ningependa mzijue, maana hakuna aliyeniuliza kabla ya kulipaka jedwali rangi. Majina yetu. Nchi hii ina Kamau na Otieno wangapi wenye herufi moja ya kwanza? Mtu aliyeshika nafasi ya tatu kwenye jedwali alikuwa amebeba makala za watu wawili wengine wenye jina kama lake, mmoja wa kilimo na mwingine wa sheria. Yeye ni mwanahisabati. Aliyekuwa wa kwanza kabisa, mwenye h ya 31, jina lake limo katika makala za ushirikiano wa kimataifa zenye waandishi mamia. Inawezekana alifanya kazi kubwa sana humo, inawezekana alijaza fomu. Jedwali halijui.

Kwa hiyo nikarudi kwa daktari. Nilimwambia Carlsson angekuwa mwekundu. Akacheka kidogo, ndipo nikaomba anipe makala zake nisome. Alinipa tatu. Sikuelewa zote, sidanganyi, nilihitaji kumuuliza maneno mengi. Moja ni kuhusu kinachotokea dawa za kifafa zinapokaa kwenye joto, ndani ya maduka ya dawa yasiyo na umeme wa uhakika. Imetajwa mara 6. Nilimuuliza nani aliitumia. Akasema kuna zahanati kadhaa zilihamisha makabati yao baada ya yeye kwenda kuwaonyesha. Zahanati haiandiki makala. Haimtaji mtu. Inahamisha kabati tu, na mtoto fulani hapati degedege.

Ninachopendekeza si kigumu, ila kinachosha. Kila mwombaji cheo achague makala zake tatu. Si thelathini, tatu. Kamati izisome, pamoja na mtu mmoja wa fani hiyo kutoka chuo kingine, ikiwezekana nje ya mkoa, ambaye hamjui mwombaji. Kila mjumbe aandike ukurasa mmoja: kazi hii inadai nini, ushahidi wake uko vipi, nani imemsaidia. Atie sahihi. Ukurasa huo apewe mwombaji, awe amepanda au hakupanda. Hapo ndipo ukabila utakapopata taabu, maana kumpendelea mtu kwa kuandika na kutia sahihi ni kazi ngumu kuliko kuinua mkono. Namba zibaki kando kwa kazi ya polisi: mtu akiwa na makala 40 kwa mwaka, au akitajwa na watu walewale watano kila siku, programu ipige kengele watu wakaangalie. Kazi hiyo tarakilishi inaiweza vizuri.

Mtaniambia wajumbe hawana muda. Kusoma makala tatu za mtu unayetaka kumpa au kumnyima mkate kunachukua mchana mmoja. Babu yangu anachukua nusu saa kuvaa shati siku dawa ikichelewa, na halalamiki hivyo.

Juzi usiku nilibadilisha programu. Nimeondoa mpangilio wa juu hadi chini, nimeondoa rangi, na mahali pa kipimo h nimeweka viungo vitatu vya makala ambazo mhadhiri amezichagua mwenyewe, pamoja na kisanduku kisichokubali kufungwa kabla mjumbe hajaandika maneno 200. Nimeandikia ofisi barua pepe kueleza sababu, na nimewaambia kwamba wakitaka jedwali la zamani lipo kwenye seva, walirudishe wenyewe, mimi sitalirudisha. Hawajajibu. Awamu ya pili ya malipo ilitakiwa kuingia Ijumaa, haijaingia.

Kamati inakaa Jumatatu. Nitawajuza.